Kanda ya Kujaribia Spika

Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja niliposikia mume wangu akiniibia redioni.

Mwanzoni sikujua kama anaiba. Alikuwa anaongea kwa ile sauti yake ya wageni, nzito na ya taratibu, ambayo sisi wa nyumbani hatuletewi. Mtangazaji akamuuliza: "Fundi Besi, ule wimbo wa nguo, ule uliowatoa watu vitini enzi zenu, aliutunga nani?" Na mume wangu, baba wa watoto wangu, akajibu bila hata kukohoa: "Niliutunga mimi. Nilikuwa namngoja mama watoto anikubali, moyo ukaanza kuimba wenyewe."

Nilipozinduka, harufu ya kitambaa kilichoungua ilikuwa imejaa chumba. Goti la suruali ya watu lilikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kamili, na matundu yake ya mvuke yote.

Wimbo ule niliutunga mimi. Niliutunga kwenye cherehani, kabla sijajua kwamba mwanamume huyo yupo duniani.

Kulikuwa na dada mmoja aliyeniletea kitambaa cheupe cha gauni la harusi. Nikampima. Akaja kulijaribu mara moja, akacheka mbele ya kioo mpaka pini zikamchoma ubavuni, akaenda zake. Hakurudi. Gauni likakaa ukutani na mimi nikawa nalipangusa vumbi. Cherehani ya miguu ina mdundo wake, mzito unapoanza na mwepesi ukishashika kasi, na maneno yakanijia juu ya mdundo huo:

Dada wa kitambaa cheupe, nguo yako imekwisha,
pindo nimelikunja, vifungo nimevipanga,
vumbi nalipangusa mimi, wewe uko wapi?

Mtu mwenye masikio mawili atasikia hapo habari za mchumba anayengoja kukubaliwa? Lakini wapiga besi hawasikilizi maneno. Bendi iliponiita niwashonee mashati ya jukwaani, kiongozi wao alinisikia nikiimba huku namzungushia mpiga ngoma futi kamba kifuani, akasema huyu fundi haondoki. Nikaimba nao. Mpiga besi, kijana mrefu mwenye vidole vya seremala, alikuja kukaa kwenye kibanda changu cha ushonaji akisikiliza mguu wangu kwenye pedali, kisha akaunakili kwenye nyuzi zake. Hapo simdhulumu. Besi ya wimbo ule ni yake, na ni nzuri. Ila hata hiyo aliitoa mguuni kwangu.

Nikaiweka pasi pembeni, nikakaa, nikasikiliza kipindi mpaka mwisho. Ni kipindi cha mchana, cha kila wiki. Wanamwita mtu mzima wanamuuliza alipenda muziki gani ujanani, akahamia upi, na sasa masikio yake yako wapi. Mume wangu aliitwa kwa sababu nusu ya kumbi za mji huu zinapiga muziki kwenye makasha ya spika aliyoyatengeneza kwa mkono wake, na kwa sababu aliwahi kupiga besi.

"Masikio yangu yamekua," aliwaambia. "Mtu akikua, muziki wake unakua naye."

Mtangazaji akafurahi kama aliyepewa asali. Mimi nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Masikio ya mume wangu hayakukua hata siku moja. Yalihama. Na kila yalipohama, yalihamisha nyumba nzima, watoto na vyungu, bila kuuliza mtu kama amemaliza kula.

Alisimulia vizuri, simnyimi hiyo. Alisimulia jinsi alivyoachana na bendi akaingia kwenye rege, akafuga nywele mpaka mama yake akawa anamsalimia akiangalia pembeni. Hakusimulia kwamba ndiyo kwanza tulikuwa tumeoana, na kwamba alinikuta naimba jikoni, wimbo wa bendi, akasema, "Zima hiyo, inaniumiza masikio." Zima, kana kwamba mimi ni kifaa. Mashati ya jukwaani niliyoyashona kwa mkono, kola kwa kola, akayagawa kwa wapiga rangi wakafutie brashi. Muziki wa bendi ni wa wazee, alisema, naye wakati huo hata mvi hajawahi kuiona kwenye chanuo.

Nikanyamaza, nikajifunza rege. Sikujifunza kwa kupenda. Ilikuwa inapigwa tangu chai mpaka chakula cha usiku, ukuta mmoja tu kati ya karakana yake na chumba changu cha kushonea, na ukuta wenyewe wa mbao. Polepole nikaipenda. Inafaa sana kwa kupinda nguo kwa mkono, sindano inapanda na kushuka bila kukimbizwa. Nikaanza kujua nyimbo kwa majina. Hapo ndipo alipokata nywele akaingia kwaya.

"Nikapata utulivu wa moyo," aliwaambia wasikilizaji.

Sisi tulipata marufuku. Sina ugomvi na kwaya, niliimba kwenye kwaya ile ile, safu ya mbele, na kuna tenzi ambazo mpaka leo zikipigwa naacha kazi. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto wetu wa kwanza alichapwa kwa kupiga mluzi wa rege, mluzi aliofundishwa na huyo huyo aliyeshika fimbo. Mtoto hakuelewa. Alilia akiuliza, "Kwani baba, si ni ule wako?"

Kisha akagombana na mwalimu wa kwaya juu ya mahali pa kuweka vipaza sauti, akatoka, na tukahamia kwenye muziki wa ala tupu, saksafoni na kinanda, bila mwimbaji. Huo alisema ni muziki wa watu waliotulia. Maneno yanachosha, alisema. Miaka hiyo ukifungua mdomo kuimba ndani ya nyumba anakutazama kama umetapika mezani. Na sasa, baada ya kuzunguka kote huko, amezigundua zilipendwa. Zilipendwa. Neno la waoga hilo, halimtaji aliyependa wala halimtaji aliyezipiga marufuku.

"Kanda ya wimbo ule ninayo mpaka leo," alimalizia. "Njooni Jumamosi nyumbani mrekodi. Na mama watoto atauimba papo hapo. Sauti bado anayo."

Simu ikalia kabla hata hawajaweka tangazo. Alikuwa binti yetu, kitinda mimba, anayeuza kwenye duka la dawa upande wa pili wa mji.

"Mama, umemsikia baba? Hapa dukani watu wote wameacha kununua. Sikujua kama baba ni mtunzi."

"Hata mimi sikujua."

"Mbona unasema hivyo?"

"Nina suruali ya mtu imeungua. Tutaongea."

Baba watoto alirudi jioni, jua bado lipo, ametembea njia ya mbali ili apongezwe. Nilimwachia akae, avue viatu, anywe maji. Kisha nikamwambia, "Umesema uliutunga wewe."

"Aa, mke wangu. Hiyo ni lugha ya redio."

"Lugha ya redio inaitaje uongo?"

"Wimbo ni wa bendi. Na bila besi yangu usingefika mlangoni. Ondoa besi, kinabaki nini pale?"

"Maneno."

"Maneno nani anayakumbuka?"

"Unayakumbuka wewe?"

Akacheka, akanyoosha miguu. "Tusianze. Jumamosi utaimba, dunia itakusikia, utafurahi mwenyewe."

"Sitaimba."

"Nimeshasema redioni."

"Basi redio iimbe."

Akabadilisha sauti, akaleta ile ya wageni. "Mama watoto, unataka nini hasa?"

Nikamwambia wazi, ili siku ya siku asije akasema hakuelewa. Nataka useme kwa mdomo wako, kwenye redio ile ile uliyosemea, kwamba wimbo ni wangu. Basi.

Akaikunja miguu aliyoinyoosha. "Sasa si nitaonekana mwongo?"

Alikuwa anauliza kwa dhati.

Hiyo wiki yote alitafuta kanda. Alipekua makasha, akapekua debe la misumari, akaninunia kwa sababu simsaidii. Mimi nilikuwa najua ilipo, na nilikuwa najua ndani yake mna nini, na nikafunga mdomo wangu. Nilimwachia atafute.

Tuliurekodi wimbo ule mara moja tu, kwenye chumba kilichobandikwa magunia ukutani, bendi nzima kuzunguka kipaza sauti kimoja. Kiongozi alinipa nakala yangu kwenye kanda nzuri, ile ya bei mbaya, na mimi nikaandika jina la wimbo kwa mwandiko wangu, kisha kwa ncha ya mkasi nikavunja vile vidude viwili vya nyuma. Waliowahi kutumia kanda wanajua. Ukishavunja vidude vile, mashine inakataa kurekodi juu yake. Ndiyo ilikuwa kufuli yetu.

Fundi Besi aliifungua kufuli ile kwa plasta, akaziba matundu ya vidude nilivyovunja. Ilikuwa miaka ya kwaya. Siku moja napita na kapu la nguo, nasikia kutoka karakana, kwenye kasha jipya kubwa kama kabati, sauti ya mume wangu: "Moja, mbili. Moja, mbili. Testi. Aa. Testi. Moja, mbili." Nikachungulia. Kanda inazunguka, mwandiko wangu juu yake, plasta mbili nyeupe zimebandikwa mgongoni. Fundi yeyote wa spika anahitaji kanda ya kujaribia, hilo najua: sauti ya mtu ikihesabu, kisha mluzi wa chini na wa juu, ili asikie kasha linapotetemeka vibaya. Na kanda ya kujaribia lazima iwe safi. Nilimuuliza kwa nini yangu. Hakuficha. Alisema, "Ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Na wimbo wenyewe umeshapitwa na wakati."

Tangu hapo kila kasha lililotoka kwenye karakana ile lilijaribiwa kwa kanda yangu. Miaka na miaka. Nashona, na upande wa pili wa mbao mume wangu anahesabu moja, mbili, juu ya kaburi la sauti yangu. Watoto walijifunzia kuhesabu hapo hapo. Mpaka simu zilipokuja na kanda zikatupwa kwenye boksi. Yeye akasahau. Mtu anayefuta husahau haraka, maana kwake hapakuwa na kitu.

Jumamosi wifi yangu alikuwa wa kwanza kufika, amevaa gauni linalong'aa kana kwamba redio ina macho. Alinikuta kwenye cherehani kubwa ya umeme, nashona turubai la lori.

"Wifi, leo siku ya kushona turubai kweli? Mume amekutungia wimbo, amekusifia mji mzima, na bado unanuna."

"Sijanuna. Huu ndio uso."

"Wenzako wanaimbiwa wanalia machozi."

"Na mimi nitalia, wifi. Subiri tu nimalize kona hii."

Binti yangu akafika, akanibusu shavuni, akakimbilia karakana kumsaidia baba yake kupanga viti. Kisha mtangazaji mwenyewe. Kijana mwembamba, sauti ilikuwa kubwa kuliko yeye mara mbili. Akachungulia kwangu kwanza, adabu anazo. "Shikamoo, mama. Wewe ndiye mwimbaji?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni fundi cherehani."

Akacheka, akidhani ni utani, akaingia upande wa pili.

Na wakati huo huo baba watoto akaipata. Nilisikia kilio cha furaha, nikasimama mlangoni nione. Alikuwa ameishika kanda juu kama aliyevua samaki. "Nilisemaje? Tazameni, mwandiko wa mama watoto huu hapa." Wifi akapiga vigelegele. Binti yangu akatoa simu apige picha. Plasta zilikuwa zimegeuka manjano, na hakuna aliyeziuliza.

Akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye mashine aliyoihifadhi, akaunganisha na spika zake bora, akafumba macho kabisa, mkono umeinuliwa hewani ukisubiri besi.

"Moja, mbili," ikasema spika. "Moja, mbili. Testi. Aa. Testi."

Mtangazaji akatabasamu akidhani ni mwanzo wa rekodi. Mume wangu akafumbua jicho moja. "Hii ni... tulikuwa tunapima kwanza."

"Moja, mbili. Moja, mbili."

"Labda mbele," akasema, akapeleka mbele. Moja, mbili. Akapeleka tena. Testi. Tabasamu la mtangazaji likaanza kuchoka. Wifi akasema kwa sauti ya chini, "Mbona wimbo wenyewe hesabu tupu?"

"Geuza upande wa pili," nikamwambia kutoka mlangoni.

Akageuza haraka, kwa shukrani. Ukatoka mluzi mmoja mrefu wa kupasua masikio, na wifi akaziba yake kwa viganja.

Binti yangu alikuwa ameishusha simu. Sauti ile ya kuhesabu aliijua, ndiyo iliyomfundisha namba. "Baba," akasema, "wimbo uko wapi?"

Nilimwona baba yake akikumbuka. Ilimjia usoni polepole, ikapita shavuni, ikafika kooni, akaimeza. Kisha akafanya kile anachofanya siku zote masikio yake yanapombana: akahama. Akampiga mtangazaji kofi la begani, akasema, "Kanda ya nini, wakati mwimbaji mwenyewe yupo? Mama watoto, njoo."

"Nina turubai la watu," nikasema, nikarudi zangu ndani.

Nikasikia minong'ono, kisha kicheko cha kulazimisha. "Ana haya kidogo. Basi naanza mimi na besi, atajiunga akisikia." Akalichomeka gita, akalipima nyuzi. Mtangazaji akahesabu kimya kwa vidole, nadhani, maana pakatulia. Besi ikaanza. Nilisema ni nzuri. Ilinishika hapa, chini ya mbavu, mguu wangu wenyewe ukinirudia kutoka mbali.

Kisha akaimba. "Dada wa kitambaa cheupe, nguo yako..." Akayumba. "Nguo yako yapendeza, moyo wangu wakungoja..."

Nikakanyaga pedali.

Cherehani ya turubai haina siri. Inanguruma mpaka vikombe vinatembea mezani. Nilishona mstari mrefu, taratibu, nikauacha pale alipoacha yeye. Wakaanza upya. Besi, dada wa kitambaa, nikakanyaga. Wakaanza tena, nikakanyaga tena. Sikuwahi kuona turubai limeshonwa imara vile, lile lori lingeweza kubeba bahari.

Mtangazaji akaja mlangoni, jasho puani. "Mama, samahani sana. Unaweza kutuzimia mashine kidogo?"

"Zima" tena, lakini huyu kaomba. Nikatoa mguu.

"Mwanangu, hayo anayoimba, umeyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Nguo yako yapendeza, moyo wangu wakungoja. Nguo imetoka wapi? Anayengoja nani?"

Akafikiri. Ni kijana wa kazi yake, nilimwona akiupanga wimbo kichwani na usipangike. "Kwa kweli haieleweki."

Binti yangu alikuwa nyuma yake. Nikawasemea maneno yote, beti zote, sikuimba, niliyasema tu kama mtu anayesoma vipimo vya mteja. Dada, kitambaa, pindo, vifungo, vumbi. Nilipomaliza, binti yangu alikuwa ameegemea fremu ya mlango.

"Ni wako," akasema.

"Wa nani mwingine? Baba yako ameshawahi kupinda pindo?"

"Na kanda?"

"Kanda umeisikia."

Aligeuka akaenda upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilimsikia akimsemesha baba yake bila kupamba. "Baba, rudisha wimbo wa mama."

Mtangazaji akabaki, ananitazama. "Mama, nikitangaza mimi kwamba umeutunga wewe, itatosha?"

"Haitoshi. Wewe hukuchukua kitu. Aseme yeye, mdomo wake, na aseme kanda ilifutwa na nani. Mashine naizima mpaka amalize."

Kulikuwa na ubishi. Wifi alisema mambo haya ni ya ndani. Baba watoto alisema anaaibishwa nyumbani kwake, akasema aliwalisha watu wote humu kwa spika, akasema mwanamke gani anadai wimbo kama anayedai sufuria. Nilikaa na mikono juu ya turubai. Upande wa pili binti yangu akasema tena, kwa sauti ile ile, "Baba." Mtangazaji akasema kwamba kipindi lazima kijazwe na kitu, na kwamba bila wimbo hana kipindi.

Hilo ndilo lililomfikia baba watoto. Alitaka kusikika tena. Nikainuka nikasimama mlangoni, nimwone usoni.

"Wimbo wa nguo," akasema kwenye kipaza sauti, sauti yake ya kawaida, ya nyumbani, yenye kwikwi kidogo mwishoni, "aliutunga mke wangu. Fundi cherehani. Mimi nilipiga besi." Mtangazaji akamwonyesha kwa kidole aendelee. "Kanda ya sauti yake niliifuta mimi. Nilihitaji kanda ya kujaribia spika."

Akakisogeza kipaza sauti mbali naye, kama sahani aliyomaliza. Mtangazaji akashusha pumzi, akanigeukia, uso umefunguka. "Asante, mzee. Sasa mama, karibu."

"Nije kufanya nini?"

"Kuimba."

"Nilisema aseme. Sikusema nitaimba."

Wifi akakaa chini. "Makubwa haya."

"Mke wangu," baba watoto akasema, "nimeshasema mbele ya watu."

"Umerudisha kilichokuwa changu. Ulikuwa unataka na zawadi?"

Mtangazaji hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayepima, kisha akauliza, "Mama, ni kwamba huupendi tena?"

Katika nyumba ile, tangu niingie nikiwa bibi harusi mpaka kichwa kikaanza kuingia mvi, hakuna aliyewahi kuniuliza ninapenda nini.

"Siupendi," nikasema, na kwa vile taa nyekundu ya mashine yao ya kurekodi ilikuwa bado inawaka, nikasema vizuri. "Ni wimbo wa msichana anayepangusa vumbi kwenye nguo ya mtu asiyekuja. Nilipoutunga niliona ni jambo zuri, kungoja. Siku hizi mteja asipokuja, nguo namuuzia mwingine. Akija baadaye akilia, namwonyesha mlango. Huo wimbo sitauimba kwa sababu mtu mwingine ameamua leo ndiyo siku ya kuupenda."

"Sasa unapenda nini?"

Nikavuta waya kutoka chini ya kilemba, ule unaoingia sikioni, na kipande cha simu kuukuu mfukoni mwa aproni. Nikampa asikie. Muziki wa vijana, wa haraka, ngoma tupu na wasichana wanaongea kwa kasi ya cherehani, wanatukana mabosi zao. Mtangazaji akaweka sikioni, akafumba mdomo asicheke, akaanza kutikisa kichwa. Binti yangu akamnyang'anya, akasikiliza, akanitazama kama mtu aliyekutana nami kwenye foleni.

"Tangu lini?" mume wangu akauliza.

Mimi nilichukua simu yangu, nikarudisha waya mahali pake, nikaenda kumalizia turubai.